Mwanabenki Mkatoliki Aliyefilisika: Thomas FitzSimons na Suala la Kudhamini



Wiki tatu zilizopita, baada ya rozari ya Jumapili jioni, kijana mmoja wa kwaya alinivuta pembeni. Alianza kwa utani: "Hivi kaka, ninyi mkifundisha, kwa nini kila mtu mnayemtaja ni mtawa, au aligawa mali yote akaenda jangwani? Hakuna Mkatoliki aliyeshika hela akabaki Mkatoliki?" Tukacheka. Halafu likatoka lile lililomleta hasa. Rafiki yake anataka kuchukua mkopo wa pikipiki kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, na anamwomba yeye asaini kama mdhamini. "Nikikataa nitaonekana sina upendo," akasema. "Nikikubali, usingizi sitapata."

Sikumjibu palepale. Kusema kweli mimi mwenyewe nina kovu hapo. Niliwahi kumdhamini mtu, akahama mji, nikalipa deni lake kwa miezi kumi na moja. Nikimjibu kwa hasira za kovu langu nitampotosha. Kwa hiyo nikamwambia nipe siku chache, nikaenda kusoma tena habari za mtu mmoja ambaye kwa bahati anajibu maswali yake yote mawili. Si mtakatifu, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuomba atangazwe. Alikuwa mfanyabiashara na mkurugenzi wa benki mjini Philadelphia, Marekani, miaka ile nchi hiyo inazaliwa. Anaitwa Thomas FitzSimons.

Alizaliwa Ireland mwaka 1741. Ili umwelewe, lazima ujue Ireland ya wakati ule ilikuwaje kwa Mkatoliki. Nchi ilitawaliwa na Waingereza Waprotestanti, na sheria zilikuwa zimepangwa ili Mkatoliki asiinuke. Hakuruhusiwa kununua ardhi. Kukodi shamba, mwisho miaka 31. Kupiga kura hapana, kuingia bungeni hapana, kufungua shule hapana. Hata farasi, kisheria Mkatoliki hakutakiwa kuwa na wa thamani ya zaidi ya pauni tano. Yaani watu walikaa wakafikiria hadi habari ya farasi! Watu wengi walikuwa maskini kwenye nchi yao wenyewe, si kwa uvivu, bali kwa sababu sheria iliwakataza kuwa kitu kingine.

Ilipofika mwaka 1760 hivi, FitzSimons alikuwa Philadelphia, kijana wa kama miaka ishirini, karani katika nyumba ya biashara. Koloni la Pennsylvania lilikuwa limeanzishwa na Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, wale Quaker ambao ndugu zetu wa Kenya wanawafahamu vizuri, na walikuwa na msimamo wa kumwachia kila mtu asali anavyoamini. Huko Wakatoliki walikuwa na kanisa dogo la Mtakatifu Yosefu tangu 1733, na misa ilisomwa waziwazi, jambo ambalo katika makoloni ya Kiingereza lilikuwa adimu sana. Lakini usidhani ilikuwa mbingu. Mtu akitaka cheo cha serikali alitakiwa aape kiapo kinachokana fundisho letu la Ekaristi, kwamba mkate na divai vinageuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Mkatoliki mwenye dhamiri angeapaje? Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kanisani, ofisini umefungwa.

Mwaka 1761 akamwoa Catherine Meade, binti wa familia ya Kikatoliki ya wafanyabiashara, na baadaye akaungana na shemeji yake George Meade. Kampuni yao ilifanya biashara ya meli, hasa na visiwa vya Karibiani. Hawakujaliwa watoto. Mambo yakaenda vizuri. Mwaka 1774, ugomvi wa makoloni na Uingereza ulipopamba moto, jina lake lilikuwa tayari miongoni mwa waliochaguliwa na watu wa mji kuwawakilisha katika kamati za upinzani. Vita vilipoanza akawa kapteni wa mgambo.

Sasa nikupeleke mwaka 1780, maana ndipo somo letu linapoanzia.

Jeshi la George Washington lilikuwa na njaa. Serikali ya wapiganaji ilikuwa imechapisha noti za karatasi mpaka zikapoteza maana. Mwezi Machi mwaka huo Bunge lao lenyewe lilikubali kwamba dola arobaini za karatasi ni sawa na dola moja ya fedha halisi. Mkulima mwenye unga hakutaka karatasi. Askari hakula. Basi mwezi Juni wafanyabiashara wa Philadelphia wakakutana na kufanya jambo ambalo mimi nililisoma mara mbili ili nihakikishe nimelielewa: walisaini dhamana. Kila mmoja aliandika jina lake na kiasi, akifunga mali yake na heshima yake nyuma ya kiasi hicho, ili mfuko uliopewa jina la benki uweze kununua chakula cha jeshi kwa kuaminika. Lengo lilikuwa migao milioni tatu ya chakula na mapipa 300 ya ramu. (Naam, ramu. Askari wa zamani hao.) Walisaini watu zaidi ya tisini, na jumla ikafika pauni 300,000. Juu kabisa kwenye orodha alikuwapo Robert Morris, tajiri mkubwa wa mji, kwa pauni 10,000. Mkumbuke huyu, atarudi. FitzSimons naye aliandika kiasi chake.

Kati ya waliosaini, ishirini na saba walikuwa wanachama wa chama cha Waayalandi wa mji ule kilichoitwa Wana Wema wa Mtakatifu Patrisi, kilichoanzishwa 1771. Na hapa pana kitu kizuri: chama hicho kilichanganya Wakatoliki na Waprotestanti, watu ambao kule kwao wasingekaa meza moja. FitzSimons alikuwa mmoja wa wanachama hao.

Kwa hiyo tendo lake la kwanza kubwa la hisani, ukiniuliza mimi, halikuwa sadaka. Lilikuwa udhamini. Usilisahau hilo.

Mwaka uliofuata Robert Morris akawekwa kusimamia fedha za nchi, na akaja na wazo la benki halisi, Bank of North America. Bunge liliipa hati siku ya mwisho ya Desemba 1781 na ikafungua milango Januari 1782. FitzSimons alikuwa miongoni mwa wakurugenzi tangu mwanzo, akabaki humo hadi 1803. Mtaji ulipangwa uwe hisa 1,000 za dola 400 kila moja. Watu binafsi walinunua kidogo, wakaishia hapo. Waliogopa, nani angewalaumu? Kilichookoa mpango ni fedha halisi iliyotoka Ufaransa, ikashushwa bandari ya Boston na kusafirishwa kwa mikokoteni hadi Philadelphia. Morris alichukua kama dola 254,000 kati ya hizo akainunulia serikali hisa. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo makarani walikuwa wakipitisha masanduku ya fedha mbele ya wateja, wakiyapandisha na kuyashusha, ili watu wadhani ni mengi kuliko yalivyo. Kama ni kweli, basi benki ya kwanza ya Marekani ilianza na maigizo kidogo!

Lakini kazi yenyewe haikuwa maigizo. Benki ile ilikopesha kwa muda mfupi, siku thelathini, siku sitini, na ilitaka ulipe siku uliyosema. Ukichelewa, hupati tena. Wakulima waliichukia kwa hilo, wakasema ni benki ya matajiri wa mjini, na kwa kiasi walikuwa na haki. Mkulima haleti mavuno kila baada ya siku sitini. Mwaka 1785 bunge la jimbo likaifuta hati yake, na FitzSimons alikuwa kati ya walioingia katika bunge hilo na kuipigania hadi ikarudishiwa hati 1787. Ninachotaka ukione ni kwamba huyu mtu aliishi miaka ishirini ndani ya chumba ambacho kazi yake ni kuuliza: huyu anayekopa atalipa na nini? lini? nani nyuma yake? Alijua hesabu ya deni kuliko karibu kila mtu katika nchi yake.

Na mkono wake ulikuwa wazi. Padre John Carroll, ambaye baadaye akawa askofu wa kwanza wa Marekani, alipokusanya michango ya kuanzisha chuo cha Georgetown, FitzSimons na shemeji yake Meade walikuwa kati ya waliotajwa kupokea michango ya Pennsylvania. Padre Matthew Carr, Mwaugustino aliyetoka Dublin, alipoanza kujenga kanisa la Mtakatifu Augustino mwaka 1796, FitzSimons alikuwa mmoja wa waliochangia zaidi. Washington mwenyewe, ambaye si Mkatoliki, alitoa dola 50. Na mwaka 1790 Wakatoliki walipomwandikia Washington barua ya pongezi na kumkumbusha kwa adabu kwamba kuna majimbo bado yanawabagua, jina la FitzSimons lilikuwa kati ya majina machache ya walei yaliyowekwa chini yake.

Je, alikuwa mtu asiye na doa? Hapana, na sitaki tumfanye malaika. Mwaka 1787 alikuwa mjumbe katika mkutano ulioandika Katiba ya Marekani, na kati ya wote walioisaini, Wakatoliki walikuwa wawili tu, yeye na Daniel Carroll wa Maryland. Tarehe 7 Agosti, mjumbe aitwaye Gouverneur Morris (hawana undugu na Robert) alitoa hoja kwamba haki ya kupiga kura wapewe wenye ardhi yao peke yao. Unajua nani aliunga mkono hoja hiyo? FitzSimons. Kijana aliyetoka nchi ambayo Mkatoliki alikatazwa kununua ardhi, na aliyefika Philadelphia akiwa karani wa kuajiriwa! Mzee Benjamin Franklin alisimama kuwatetea watu wa kawaida, akawakumbusha mabaharia maskini walivyokuwa waaminifu wakati wa vita, na hoja ikaanguka. Mimi nikiisoma sehemu hiyo huwa nakasirika kidogo. Mtu akishavuka mto anasahau mtumbwi ulivyokuwa unavuja.

Ila pia Februari 1790, akiwa mbunge wa Baraza la Wawakilishi, ni yeye aliyesimama kuwasilisha ombi la Marafiki la kutaka biashara ya watumwa ishughulikiwe. Wabunge wa kusini waliwaka moto. Ombi halikuzaa walichokitaka, lakini aliliwasilisha. Mtu ni mchanganyiko, jamani.

Turudi kwa Robert Morris.

Miaka ya 1790 homa ya ardhi iliwapata matajiri wa Marekani. Ardhi ya magharibi na ya ndani ilikuwa inauzwa kwa ekari malaki kwa malaki, na kila aliyenunua aliamini wahamiaji watafurika kutoka Ulaya na bei itapanda. Morris na mwenzake John Nicholson waliingia humo kuliko wote. Kampuni waliyoianzisha 1795 na mshirika wa tatu ilihesabu ekari milioni sita. Walinunua kwa karatasi za ahadi, wakalipa ahadi kwa ahadi nyingine, mmoja akimdhamini mwenzake na mwenzake akimdhamini yeye. Wakati huohuo Morris alikuwa anajenga jumba la kifahari mtaa wa Chestnut, mchoro wa Pierre L'Enfant, yule aliyepanga mji wa Washington. Jumba halikuisha. Watu wa mji wakalipa jina la upumbavu wa Morris.

Wahamiaji hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, Ulaya ilikuwa vitani, fedha ikakauka. Februari 1798 Morris, mtu aliyelipia vita vya uhuru, alikamatwa na kutiwa katika gereza la wadaiwa la mtaa wa Prune, Philadelphia. Washington alipopita mjini mwaka huo alikwenda kumtembelea humo gerezani. Nicholson alifia gerezani mwaka 1800. Morris alitoka 1801, akafa 1806, hana kitu.

Na FitzSimons? Alikuwa amewakopesha. Deni ambalo hakulipwa linatajwa kuwa kama dola 160,000. Mwenyewe pia alikuwa ametia fedha kwenye ardhi, kwa hiyo usiseme ni wema peke yake uliomponza. Tamaa ya faida ilikuwamo. Mwaka 1805 akafilisika.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na kalamu. Imekuwaje mtu aliyekaa ndani ya benki akiwauliza wakulima "utalipa lini?" akashindwa kumuuliza rafiki yake swali hilohilo? Nadhani jibu liko kwenye neno rafiki. Morris alikuwa mwenzake tangu 1780, kwenye orodha ile ya dhamana. Walijenga benki pamoja, walikaa pamoja kwenye mkutano wa Katiba. Mtu wa namna hiyo akija mlangoni kwako na karatasi, unaona aibu kufungua daftari. Nilipomdhamini yule wangu sikumuuliza hata mshahara wake ni kiasi gani. Niliona nitamvunjia heshima.

Biblia yetu ina sehemu ambayo vijana wengi hawajawahi kuifungua, na ndugu zetu Waprotestanti wengi hawanayo katika zao: kitabu cha Yoshua bin Sira. Sura ya 29 inasema habari hii hasa, na inashangaza kwa uwazi wake. Kwanza inamsifu mtu mwema anayemdhamini jirani yake, na inamwonya aliyedhaminiwa asisahau wema huo, maana mdhamini ametoa uhai wake kwa ajili yake. Halafu, mistari michache tu mbele, inasema udhamini umewaangamiza matajiri wengi waliokuwa wakiendelea vizuri, umewarusharusha kama wimbi la bahari, umewafukuza makwao. Kisha inamalizia kwa kusema msaidie jirani kadiri ya uwezo wako, na jiangalie nawe usianguke. Kitabu cha Mithali, sura ya 6, ni kikali zaidi: ukishajifunga kwa ajili ya mwingine, usilale, kimbia kujinasua kama swala mkononi mwa mwindaji.

Zamani nilidhani Sira anajipinga. Sasa naona anamwelezea FitzSimons mara mbili. Angalia dhamana ya 1780 na mikopo ya kina Morris uone tofauti. Mwaka 1780 alisaini kiasi kilichoandikwa, wala si zaidi. Alisaini pamoja na watu zaidi ya tisini, hivyo mzigo ukianguka haumwangukii mmoja. Kila mtu alijua fedha inakwenda wapi: kwenye unga na nyama ya askari. Na hata ingepotea yote, angebaki na biashara yake. Kwa kina Morris, deni lilikua hadi likamzidi. Fedha ilikwenda kwenye ekari ambazo hakuna aliyeziona, na ilipopotea iliondoka na yeye. Dhamiri yake haikuwa imebadilika kati ya miaka hiyo miwili. Kilichokosekana ni mpaka.

Tena kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi tunaposimulia habari za mtu mwenye moyo mzuri aliyefilisika. Mtu akifilisika, maana yake kuna watu anaowadai na kuna watu wanaomdai yeye, na hawa wa pili hawakukaa kwenye karamu za Morris. Ni wauzaji, mafundi, wenzake wa biashara, labda wajane walioweka kwake akiba. Ukimpa rafiki kile ambacho unakihitaji kuwalipa wengine, unakuwa mkarimu kwa mfuko wa nani? Mimi miezi ile kumi na moja nilimrudisha mdogo wangu nyumbani kwa kukosa ada. Yule niliyemdhamini hajui. Nilidhani nimetoa changu, kumbe nilitoa cha mdogo wangu.

Na bado siwezi kusema FitzSimons alikosea kumpenda Morris. Watu wa Philadelphia hawakumdharau baada ya kuanguka. Heshima yake ilibaki, na alifanikiwa kujiinua kwa kiasi, ingawa si kama zamani. Alifariki tarehe 26 Agosti 1811, akazikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Maria mjini Philadelphia. Kanisa la Mtakatifu Augustino alilochangia halikudumu kama lilivyojengwa. Mei 1844 watu waliowachukia wahamiaji Wakatoliki wa Ireland walilichoma moto, na maktaba yake ikaungua nalo. Waumini wakalijenga upya, na lipo hadi leo. Kuna sanamu ya FitzSimons pia, ya mwaka 1946, karibu na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo mjini humo.

Nilimsimulia haya yule kijana wa kwaya Jumamosi, siku nne kabla ya kikao cha kikundi chao. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Sasa mpaka wangu mimi ni shilingi ngapi?" Tukachukua karatasi. Tukaandika anachopata kwa mwezi kwenye kinyozi, tukatoa chakula, kodi ya chumba, na kile anachomtumia mama yake. Kilichobaki kwa miezi sita kilikuwa laki moja na elfu arobaini. Mkopo wa rafiki ulikuwa milioni mbili na nusu. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu, akaikunja, akaiweka kwenye kitabu cha nyimbo.

Jumatano usiku akanitumia ujumbe. Amemwambia rafiki yake hatasaini peke yake kwa mkopo wote, ila kama watapatikana wadhamini wanane yuko tayari kubeba sehemu yake, na ile laki na arobaini anampa kama mchango wa kuanzia hata wadhamini wasipopatikana, wala haidai tena. Rafiki amekasirika, ameondoka bila kuaga. Mpaka leo ninavyoandika hawajaongea, na kijana ameniomba tumwombee huyo rafiki yake kwenye nia za rozari Jumapili hii. Njooni saa kumi na moja jioni, mahali ni palepale.